Ushahidi wa Mlango Mmoja

“Umeniandikisha getini, Dada! Umeniandikisha kama mwizi wa kuku!”

“Nilikuandikisha na ningekuandikisha tena. Punguza sauti, mtoto yuko uani.”

“Mtoto ameshaona kila kitu. Nipunguze sauti asisikie nini?”

Mwalimu hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula, mbele yake rundo la insha za kidato cha tatu, kalamu nyekundu mkononi. Mdogo wake alikuwa amesimama katikati ya sebule na sare ya kiwanda cha mikate, kofia ya nailoni bado kichwani, unga umemganda kwenye nyusi. Alikuwa ametoka moja kwa moja shule ya msingi anakosoma bintiye, kwa miguu, na hasira zake alikuwa amezipasha moto njia nzima.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Ijumaa hiyo mashine moja iliharibika kiwandani, wapakiaji wakaruhusiwa kuondoka mapema, na yeye akaona bahati imemdondokea: aende akamchukue mwanawe shuleni kama mama mwingine yeyote. Mlinzi wa getini akamuuliza jina, akatazama karatasi iliyobandikwa ndani ya kibanda chake, akamtazama tena usoni, kisha akatangaza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba huyu haruhusiwi kukabidhiwa mtoto. Wazazi wengine wakasogea pembeni kidogo, wakijifanya wanapisha njia. Mtoto mwenyewe, ambaye kwa maneno yake mengi nyumba nzima ilimwita Chiriku, alikuwa ameshamwona mama yake na kuanza kumkimbilia. Mlinzi akamdaka kwa mkanda wa begi.

“Kwa mkanda wa begi, Dada. Kama mbuzi.”

“Alifanya kazi yake.”

“Kazi uliyompa wewe!”

“Niliyompa mimi, ndiyo. Na unajua kwa nini nilimpa. Au nikukumbushe?”

“Usinikumbushe.”

“Nitakukumbusha. Mvua inanyesha, giza linaingia, watoto wote wameshafika kwao. Mmoja tu amebaki kwenye kibanda cha mlinzi, soksi zimelowa chapachapa, anaimba peke yake ili asilie. Anaimba! Na mama yake nilimkuta wapi?”

Mdogo mtu akaangalia sakafu. Swali hilo halikuhitaji jibu. Alikutwa amelala kwenye benchi la kilabu, kiatu kimoja mguuni, na dada yake ndiye aliyemwamsha, na hakumwamsha kwa upole. Tangu jioni ile Chiriku alikuwa wa nyumba hii, na mama yake alikuwa mgeni wa kuja kumtazama.

“Sijagusa pombe tangu mwaka juzi,” alisema, sasa kwa sauti ya chini kweli. “Nina kazi. Nina chumba, nimeweka pazia, nimenunua kitanda cha pili. Nimebadilika, Dada.”

“Nimebadilika.” Mwalimu alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja mboga na kuikuta haina chumvi. “Unajua wanafunzi wangu wakiniandikia hivyo nawapa ngapi? Yai. ‘Mhusika alibadilika.’ Nani kasema? Ushahidi uko wapi?” Akainua insha moja na kuipunga hewani. “Huyu hapa ukurasa mzima ni amebadilika, amebadilika. Sioni kitu.”

“Mimi si mhusika wa kitabu chako.”

“Ndiyo maana kwako nakaza uzi zaidi. Mhusika akianguka tena tunafunga kitabu, tunakwenda kula. Wewe ukianguka tena anaumia mtoto.”

“Basi niambie nifanye nini! Nipande juu ya paa? Niape mbele ya nani? Kila nikija hapa unanikumbatia mlangoni. Unadhani sijui unanikumbatia kwa nini?”

Mwalimu akaiweka kalamu nyekundu chini. Ilikuwa kweli. Kila ziara ilianza kwa kumbatio, na kila kumbatio lilikuwa na pumzi moja ndefu ya kuvutwa puani, pale shingoni, karibu na sikio. Alidhani anaifanya kwa siri.

Mlango wa uani ukafunguka kwa kishindo. Chiriku aliingia mbio, nyuma yake mume wa Mwalimu, ambaye alikuwa fundi wa majokofu na daima alikuwa na bisibisi mahali fulani mwilini. Ndiye aliyemleta mtoto kutoka shuleni, na alikuwa amejaribu kumshikilia nje mpaka maneno yaishe, lakini Chiriku hashikiliki.

“Mama! Mlinzi alinikamata begi! Nikamwambia huyo ni mama yangu, akasema anajua! Sasa kama anajua kwa nini ananikamata?”

“Njoo hapa, mwanangu.”

Mtoto akajitupa kwenye sare ya unga, akamzungushia mama yake mikono, akapeleka pua yake ndogo shingoni. Akavuta pumzi, fyu, fyu, mara mbili, kwa bidii. Kisha akageuza kichwa na kuripoti.

“Mama Mkubwa! Hanuki! Ananukia mkate tu!”

Alisema kwa furaha ya mtoto aliyetumwa dukani na kurudi na chenji kamili. Hakuna aliyewahi kumtuma. Alikuwa ameona inavyofanywa, na kwa akili yake hivyo ndivyo watu wanavyomsalimia mama.

Fundi alitoa bisibisi mfukoni na kuikagua kama hajawahi kuiona. Mdogo mtu alibana midomo, akamfuta mtoto unga uliomwingia kwenye nywele.

“Ndiyo, mwanangu,” alisema. “Ni mkate.” Kisha akaweka mfuko mezani, pembeni mwa insha. “Nimewaletea ule wa maziwa. Kwaheri, Shemeji.”

“Kaa unywe chai kwanza, shemeji yangu.”

“Chai nimekunywa kazini.”

“Hatukosi mkate,” Mwalimu alisema. Lakini alilisema kwa mazoea tu, na mdogo wake alikuwa ameshatoka.

*

Nyumba ile ilikuwa imekaa kimya miaka mingi kabla ya Chiriku kuingia. Mwalimu na Fundi hawakujaaliwa mtoto, na walikuwa wameacha kulizungumza jambo hilo, kama watu wanavyoacha kuzungumzia ufa wa ukutani. Siku hizi kulikuwa na mswaki mdogo wa rangi ya waridi kati ya miswaki yao miwili. Kulikuwa na michoro ya tembo wenye miguu mitano kwenye mlango wa jokofu. Kulikuwa na maswali tangu alfajiri: kwa nini kuku hana meno, kwa nini Baba Mkubwa anakoroma, Mungu anaoga saa ngapi.

Jioni hiyo, mtoto akiwa chumbani anawafundisha wanasesere wake kuhesabu, Fundi aliosha vyombo na mkewe akavifuta.

“Ungemwambia mapema,” Fundi alisema. “Asingekwenda kuaibika.”

“Ningemwambia nini? ‘Mdogo wangu, nimekupiga marufuku’?”

“Sasa kaambiwa na mlinzi, mbele za watu. Ndiyo nafuu?”

“Wewe siku zote uko upande wake.”

“Mimi niko upande wa sinki.” Akasugua sufuria. “Lakini nakuuliza, Mwalimu. Tangu apate kazi amekosa Jumapili hata moja kuja hapa?”

“Kuja kula wali wa watu siyo kazi.”

“Amewahi kuja amelewa?”

“Bado.”

“Bado,” Fundi aliitikia. Aliisuuza ile sufuria ambayo ilikuwa imeshasuuzika. “Hebu niambie kitu kimoja tu, halafu nanyamaza. Unaogopa kwamba hajabadilika, au unaogopa kwamba amebadilika?”

Mwalimu aliweka sahani kabatini kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Mle kabatini, rafu ya chini, kulikuwa na mkate wa Jumapili iliyopita, haujakatwa, umeanza kuota ukungu wa kijani kwenye kona.

“Umeacha mafuta kwenye mfuniko,” alisema. “Rudia.”

Fundi akarudia. Chumbani, Chiriku alikuwa anamgombeza mwanasesere mmoja: “Wewe mwanangu umechelewa, haya, njoo nikunuse!”

Wote wawili walisikia. Hakuna aliyecheka.

*

Jumatatu, kipindi cha tatu, Mwalimu aliingia darasani na insha zake akazibwaga mezani. Wanafunzi wakakaa wima. Mlio wa insha zikibwagwa waliujua.

“Nimesoma,” alisema. “Nimesoma mpaka macho yameniuma. Mmeniandikia wote kwamba Bwana Funguo alibadilika. Vizuri. Alibadilika. Hata mtu ambaye hajafungua kitabu angekisia hivyo. Mimi nataka mnionyeshe.”

Bwana Funguo hakuwa na jina hilo kitabuni. Wanafunzi ndio waliombatiza. Alikuwa mtunza ghala kubwa la nafaka kando ya mto, katika riwaya waliyokuwa wanaisoma muhula huo. Mwanzoni mwa kitabu mto unafurika, watu wanakuja na watoto na mafurushi, wanagonga ghala wapate pa kujisitiri. Yeye yuko ndani, funguo zinaning’inia kiunoni, naye anakataa kufungua kwa sababu amri ya tajiri wake inakataza. Kunapokucha bibi kizee mmoja haamki. Karibu na mwisho mto unafurika tena, na safari hii anafungua.

Mwalimu alichora milango miwili ubaoni, mmoja kushoto, mmoja kulia. Wanafunzi wake wa miaka yote waliijua michoro ile. Kuna waliokwisha kuwa wazazi ambao wangeweza kuichora wakiwa usingizini.

“Kanuni yetu?”

“Mrudishe mahali palepale, uone atafanya nini!” darasa likaitikia.

“Kwa nini palepale?”

“Kwa sababu mahali pengine kila mtu ni mwema.”

“Haya. Nani anaanza?”

Alisimama kijana mrefu waliyemwita Ngongoti. “Mwalimu, mimi nasema alibadilika pale makaburini. Alilia mpaka akapaliwa.”

“Kulia si kubadilika. Mimi nalia kila nikikata vitunguu, na kesho yake nakata vingine.”

Darasa likacheka. Ngongoti hakukubali kukaa. “Lakini alisema, Mwalimu. Palepale makaburini alisema, ‘Mimi si yule tena.’”

“Alisema. Na wewe wiki iliyopita ulisema daftari lako limeliwa na mbuzi.”

“Lililiwa kweli!”

“Basi tuletee huyo mbuzi, tumuulize maswali ya sura ya nne. Kaa. Maneno ya mhusika yaandikeni, msiyatupe, lakini msiyasimamishe peke yake. Yatafutieni tendo la kuyashika mkono.”

Mwingine akanyoosha kidole. Akasema labda mara ya pili alifungua kwa woga, asije akapigwa na watu. Mwalimu akafurahi, maana hilo lilikuwa swali la mtu aliyefikiri. Akawaambia watafute wenyewe. Kurasa zikapekuliwa, vidole vikapita chini ya mistari, mpaka mmoja akapiga kelele kutoka dirishani: “Hawakuwa wamegonga! Mto ulikuwa bado unapanda. Alifungua kabla hajagongewa, akatandika magunia mapya!”

“Hiyo!” Mwalimu akapiga ubao kwa kiganja, chaki ikaruka. “Hiyo ndiyo nyama, mengine yote ni mchuzi. Mlango wa kwanza anagongewa, hafungui. Mlango wa pili hagongewi, anafungua. Andikeni hivyo, na mtu akiwauliza ‘ushahidi?’ mnamwekea mezani.”

Kalamu zikaanza kukimbia. Ndipo kwenye dawati la nyuma mkono ukapanda, ukabaki juu. Ulikuwa wa msichana mmoja mwembamba waliyemwita Wakili, kwa sababu hakuna jambo aliloliacha lipite bila kulipinga, hata ratiba ya usafi.

“Mwalimu, mimi kuna kitu sielewi.”

“Lini ulielewa kabla ya kutusumbua? Sema.”

“Funguo alizitoa wapi?”

Wenzake wakaguna. “Si za kwake!” mmoja akasema.

“Walimnyang’anya,” Wakili akasema. “Baada ya yule bibi kufa, watu walimvua mkanda mzima na funguo zake. Sura ya tano. Sasa huo mlango wa pili aliufungua na nini? Na meno?”

Mwalimu mwenyewe alitaka kujibu haraka, akakuta jibu haliko mdomoni. Kitabu kile alikifundisha miaka na miaka. Alikuwa na alama zake nyekundu karibu kila ukurasa.

“Itafuteni,” alisema, naye akaitafuta pamoja nao.

Ngongoti ndiye aliyeiona. Ilikuwa sura fupi kuliko zote, haizidi kurasa mbili, na katika kitabu cha Mwalimu haikuwa na alama hata moja. Siku zote aliipita kama watu wanavyopita kidaraja juu ya mtaro. Ngongoti akaisoma kwa sauti. Binti wa yule bibi aliyekufa anakwenda nyumbani kwa Bwana Funguo mchana wa kawaida. Anamkuta anamenya viazi. Anaweka funguo mezani, kati ya maganda, anaondoka. Wala hawasemezani.

“Mbona hakusema chochote?” mtu akauliza.

“Na mama yake ndiye aliyekufa!” akadakia mwingine. “Mimi ningempiga na hizo funguo.”

“Alikuwa ameona ushahidi gani?” Ngongoti akamgeukia Wakili, kama vile yeye ndiye mwandishi. “Mlango wa pili ulikuwa haujafika.”

“Hakuwa nao,” Wakili akasema. “Ndiyo ninachosema mimi. Mwalimu, naomba niulize darasa. Yule binti asingempa funguo, sisi leo tungesema nini juu ya Bwana Funguo?”

“Tungesema hajabadilika.”

“Na ushahidi tungekuwa nao?”

“Tungekuwa nao... wa mlango mmoja.”

“Na wa mlango mmoja, kwa Mwalimu, ni yai!”

Darasa likalipuka kwa vicheko, wengine wakapiga madawati. Walisubiri Mwalimu ajibu mapigo kama kawaida yake. Yeye alikuwa amegeukia ubao, anautazama ule mlango wa kulia kama mtu anayetazama picha ya ndugu.

“Na huyo binti,” alisema hatimaye, bila kugeuka. “Wakili. Huyo tunamweka wapi?”

Wakili akafikiri. Mwalimu alikuwa amewafundisha kutokurupuka.

“Huyo naye alibadilika, Mwalimu. Tena alimtangulia Bwana Funguo.”

“Ushahidi?”

“Alitoa funguo.”

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Akafuta vumbi la chaki mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja, akawaambia waandike upya, wote, na waanze na sura ile fupi.

*

Saa ya chakula alimwomba mwalimu mwenzake amshikie kipindi cha mwisho, akachukua mkoba wake, akatoka. Alipita barabara ya maghala, akafuata harufu ya mkate mpaka lango la nyuma la kiwanda, mahali ambapo magari ya kusambaza mikate hupakia. Hakuwahi kufika pale. Mdogo wake alikuwa amemwelekeza mara nyingi, karibu, Dada, siku moja pita, naye aliitikia bila kusikiliza.

Alimwona kabla ya kuonekana. Amesimama kwenye mstari wa wanawake wenye kofia za nailoni, mikate inashuka, yeye anaidaka, anaiingiza mfukoni, anafunga, anasukuma. Mikono ilikwenda mbio lakini uso ulikuwa umetulia, na kuna jambo alisema likamchekesha wa pembeni yake mpaka akashika ubavu. Mwalimu hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia mdogo wake akisema jambo la kuchekesha. Pale kwake sebuleni alikuwa haji na utani. Alikuja kama mtu aliyeitwa ofisini.

Mdogo mtu akainua macho, akamwona, mkate ukamponyoka.

“Chiriku!” Alikuja mbio mpaka langoni, glavu bado mikononi. “Amepata nini? Dada, amepata nini?”

“Hajapata kitu. Yuko shule. Pumua.”

“Umekuja hapa kwa nini basi? Wewe hujawahi kuja hapa.”

Msimamizi, bwana mnene mwenye filimbi shingoni, akapaza sauti kutoka ndani: “Nani huyo? Ni mteja au ni shida?”

“Ni dada yangu mkubwa, bosi! Yule mwalimu!”

“Aah, Mwalimu! Shikamoo!” yule bwana akasema, ingawa mvi zake zilimzidi Mwalimu umri, akarudi kwenye kazi zake. Mwalimu akabaki ameduwaa. Kumbe huku alikuwa anasemwa, na inaonekana anasemwa vizuri.

“Unatoka saa ngapi leo?” aliuliza.

“Ndio tunamalizia, wiki hii niko zamu ya alfajiri. Kwa nini?”

Mwalimu alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yalikuwa maneno mazuri, yenye utangulizi na mwisho. Yote yakayeyuka. “Nenda kamchukue mtoto,” alisema. “Leo. Wewe.”

Mdogo wake akavua glavu moja. Hakutabasamu. “Unanipima?”

“Nani kasema nakupima?”

“Dada, mimi nakujua tangu unanifunga vifungo vya sare. Utasimama kona ya duka la vitabu, pale karibu na geti la shule, unatazama saa.”

Kona yenyewe hiyohiyo Mwalimu alikuwa ameshaifikiria.

“Nitakwenda,” mdogo mtu akasema. “Hata kama ni kunipima nitakwenda, maana ni mwanangu, siwezi kusema sitaki. Lakini nisikilize. Nikienda leo, halafu kesho nikarudishwa tena na yule mlinzi, Chiriku ataniuliza nimefanya kosa gani. Mtoto yule anauliza kila kitu. Nitamjibu nini? Mimi nikipimwa nimezoea. Yeye usimfanye rula.”

Mashine za ndani zikapiga filimbi ya mvuke. Mwalimu alimtazama mdogo wake usoni, akaona unga kwenye nyusi, akaona mistari miwili midogo kando ya mdomo, ambayo hakuijua imeingia lini. Akamkumbatia. Palepale akajigundua anavuta pumzi, akaikata katikati, akageuza uso upande wa pili kama mtu aliyeshikwa na chafya.

“Vuta tu,” mdogo wake akasema begani kwake, na sauti yake ilikuwa na kicheko na machozi mule mule. “Ni mkate.”

“Najua ni mkate. Nyamaza.” Mwalimu akamwachia, akajiweka sawa mkoba begani. “Anapenda kushikwa mkono wa kushoto, wa kulia anataka uwe huru wa kuonyeshea vitu. Ukimshika wa kulia mtagombana.”

“Najua, Dada.”

“Na asinywe maji ya bombani.”

“Najua.”

“Haya, malizia mikate ya watu. Mimi natangulia getini.”

*

Mlinzi wa shule ya msingi alikuwa anafagia mbele ya kibanda chake. Alipomwona Mwalimu alisimamisha ufagio kama bunduki.

“Mwalimu! Ijumaa nilimzuia yule. Alibisha sana, lakini amri yako niliishika.”

“Uliishika vizuri. Sikulaumu hata kidogo.” Mwalimu akaingiza kichwa kibandani. Ile karatasi ilikuwa ukutani, mwandiko wake mwenyewe, wino mwekundu, umepigiwa mstari chini. Akaibandua. Kona moja ilikataa, akaikwangua kwa ukucha. “Leo atakuja tena. Mkabidhi mtoto.”

Mlinzi akakuna kidevu. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yaeleweke. “Yeye mwenyewe? Bila wewe?”

“Bila mimi.”

“Si ndiye yule wa siku ya mvua, Mwalimu? Mimi ndiye niliyekaa na mtoto.”

“Ndiye. Na sijasahau kwamba ulikaa naye.”

“Sawa.” Akatazama barabara, akamtazama Mwalimu, akatazama karatasi iliyokunjwa kiganjani mwake. “Sasa nielewe. Ni kwa leo tu, au?”

Wazazi wa kwanza walikuwa wameanza kufika. Mama mmoja aliyekuwepo Ijumaa alijifanya anatafuta kitu kwenye pochi, sikio limesimama. Mwalimu alikuwa amekuja na neno “leo” mdomoni. Lilikuwa neno dogo, salama, mtu angeweza kulirudisha kesho yake bila aibu. Alimfikiria Chiriku anavyosimama mbele ya mtu, kichwa upande, anasubiri ajibiwe.

“Kila siku,” alisema, kwa sauti ya darasani, iliyomfikia mwenye pochi na waliokuwa nyuma yake. “Huyo ni mama yake. Akija, unamfungulia.”

“Kila siku,” mlinzi akarudia, akaliweka kichwani. Kisha akavuta kiti chake cha plastiki, akakipangusa kwa mkono. “Basi kaa kivulini umsubiri, Mwalimu. Kengele iko karibu.”

“Sisubiri.”

Duka la vitabu lilikuwa mkono wa kulia, na kona yake ilikuwa wazi, ina kivuli kizuri. Mwalimu akakata kushoto, njia ya sokoni, ndefu, isiyopita karibu na kiwanda cha mikate, ili asimwone mdogo wake akija wala asihesabu kama anachelewa. Kengele ilipolia alikuwa ameshafika kwa wauza nyanya. Alisikia watoto wote kwa pamoja wakimwagika uwanjani, na katika kelele zile hakuweza kumtambua wa kwake, akaendelea kutembea.